Motopompe ikikataa kuwaka, tusianze na kuita fundi

Wandugu wamemba wa koperative,

Mwezi wa saba jua iko kali, saizoni C iko katikati, nyanya zinaomba maji. Ni siku hiyo motopompe inakataa kuwaka. Kuko koperative moja ya bonde la Ruzizi ilingoja mekanisiye wa kutoka Uvira siku nne. Alipofika, aliongeza mafuta ya moteri, akavuta kamba mara mbili, ikawaka. Lakini kabichi zilikuwa zimekwisha kukauka, na wamemba watatu wakasema hawatatoa tena mchango.

Sisi maagronome tunaona hivi: mara nyingi moteri haijakufa. Inakosa kitu kidogo, na sisi wenyewe tunaweza kukipata. Tufuate mpangilio huu:

Kwanza, bouton ya kuwasha na robine ya esanse, ziko wazi? Kisha mafuta ya moteri: moteri nyingi ziko na kifaa kinachozuia kuwaka kama mafuta hayo yamepungua.

Pili, esanse. Ile iliyolala ndani ya tanki tangu saizoni iliyopita imeharibika, inaacha uchafu wa kunata unaoziba karbiratere. Tuimwage mbali na moto na mbali na maji, tuweke mupya.

Tatu, buji. Tuitoe, tuisafishe, tuikaushe kama imelowa. Tuirudishe ku waya wake, igusane na chuma cha moteri, mbali na esanse, mtu avute kamba. Cheche ikionekana, buji ni nzima.

Nne, filtre ya hewa. Ikijaa vumbi, moteri haipumui.

Wengine watasema: hiyo ni kazi ya fundi, mkulima ataharibu. Ni kweli, ndani ya moteri tusifungue. Lakini haya manne yanaomba macho na ufunguo wa buji tu.

Na hapa tukubali kosa letu. Siku ya kutoa mashini tulipiga picha pamoja nanyi, tukapanda gari. Hata ufunguo wa buji hatukuacha.

Ugonjwa mkubwa lakini ni huu: kitu cha wote kinakuwa cha hakuna mtu. Tunapendekeza kila koperative ichague watu wawili wa kuchunga motopompe, na mmoja awe mama, juu ya wamama ndio wanashinda ku bustani. Wawe na kaye ya kuandika saa za kazi na siku ya kubadilisha mafuta. Saizoni ikiisha, wamwage esanse ya tanki, waache moteri izunguke mpaka izimike yenyewe, ndipo waiweke ku depo.

Mradi utaisha siku moja, nasi tutaenda. Motopompe itabaki kwenu. Heri ibaki mikononi mwa watu wanaoijua.