Fingo la Mwili: Jina la Dawa Mpya ya Saratani na Haki ya Mgonjwa wa Mombasa

Saratani haikukosa jina katika Kiswahili. Neno lenyewe lilitoka Uarabuni, na maana yake ni kaa. Wagiriki na Warumi wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la mnyama huyo huyo. Kabla ya neno saratani kuzagaa, wakaazi wa mwambao walikuwa na donda ndugu, yaani kidonda kinachoutafuna mwili kisitake kupona. Kilichokosa jina linaloeleweka ni dawa yake mpya. Makala haya yanashikilia kwamba ukosefu huo si suala la wanakamusi peke yao. Ni suala la uhai wa mgonjwa, na pahali pa kulitazamia ni kisiwa cha Mombasa, ambako Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya kitandani hospitalini.

Dawa inayozungumziwa ni ile ambayo Waingereza huiita antibodi. Mwili wa mwanadamu huiunda wenyewe: ni protini yenye umbo la panda, ambayo mikono yake miwili hushika adui mmoja maalumu na shina lake huziita seli askari zije zimmalize. Wanasayansi wamejifunza kuisanifu nje ya mwili, kwa shabaha wanayoichagua wao, kisha ikatiwa mshipani. Trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hulenga protini iitwayo HER2, ambayo huzidi mno katika asilimia 15 hadi 20 hivi ya saratani za matiti. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2015. Nchini Kenya ilibaki kuwa dawa ya matajiri kwa muda mrefu, kwani dozi moja iligharimu shilingi 120,000 na mgonjwa huhitaji dozi kila wiki tatu, aghalabu kwa mwaka mzima. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilitangaza mapatano na kampuni ya Roche, bei ikashushwa hadi shilingi 40,000 kwa dozi, nazo zilipwe na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Hatua hiyo yastahili sifa. Mlango wa fedha ukianza kufunguka, lakini, mlango wa lugha huonekana waziwazi kuwa ungali umefungwa.

Historia ya kusanifiwa kwa dawa hizi ina mafunzo kwa mwanafunzi wa lugha. Mnamo 1975, katika maabara ya Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walifungisha ndoa ya ajabu. Walichukua seli ya panya inayotengeneza antibodi ya aina moja, wakaiunganisha na seli ya saratani ambayo haijui kufa. Mtoto aliyezaliwa akarithi pande zote mbili: akaendelea kutoa antibodi ile ile bila kikomo. Tatizo ni kwamba ilikuwa antibodi ya panya, na mwili wa mtu uliitambua kuwa mgeni ukaikataa. Mwaka 1986 Greg Winter na wenzake walionyesha njia ya kuchukua ncha tu za antibodi ya panya, zile zinazomshika adui, na kuzipandikiza juu ya antibodi ya mwanadamu. Fundi wa milango ya nakshi wa Ndia Kuu angeielewa kazi hiyo upesi: komeo limetoka kwingine, ila mlango wote ni wa nyumba hii.

Safari hiyo nzima imeandikwa ndani ya majina ya dawa, na hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kutega sikio. Jopo la Shirika la Afya Duniani huko Geneva liliyapanga majina hayo kwa viambishi. Tamati ya -mab ilionyesha kwamba dawa ni antibodi. Silabi iliyotangulia ilitaja asili: -o- ya panya mtupu, -xi- ya mchanganyiko, -zu- ya iliyofanywa ya kibinadamu, -u- ya binadamu kamili. Ndiyo maana kuna rituximab, trastuzumab na ipilimumab. Mwaka 2017 silabi za asili ziliachwa. Mwaka 2021 majina yalipozidi kufanana, -mab yenyewe ilistaafishwa kwa dawa mpya, zikaundwa tamati nne mahali pake, mojawapo ikiwa -mig kwa zile zinazoshika shabaha mbili au zaidi kwa wakati mmoja. Hawa ni wanakemia na madaktari, na bado wanajadiliana juu ya kiambishi kimoja kwa miaka! Wasomi wa Kiswahili, ambao mofolojia ndiyo mkate wao, wameliachia neno la kwanza kabisa lijiendee lenyewe.

Kuna jambo jingine lenye kuuma. Katika miaka ya 1960, sampuli za uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto na vijana ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, zilikuwa zikipelekwa kutoka Nairobi hadi Stockholm kwa uchunguzi. Mojawapo, ya kijana wa miaka 16, ilizaa ukoo wa seli ambao umeishi maabarani tangu mwaka 1967. Ukoo huo unaitwa Daudi. Hadi leo watafiti wa mabara yote huzitumia seli za Daudi kupima kama antibodi mpya zinaua saratani ya damu ipasavyo. Jina linalotamkwa kila siku katika vichochoro vya Kibokoni limo katika majokofu ya dunia nzima, ilhali mwanamke wa Kibokoni hana neno la kuitia dawa anayotundikiwa.

Huambiwa nini basi? Kwa kawaida huambiwa kwamba atapewa "dawa ya kinga." Neno hilo lina historia, na historia hiyo haimsaidii. Kwa zaidi ya miongo mitatu kinga imeandamana na UKIMWI, ambao jina lake lenyewe ni ukosefu wa kinga mwilini. Asikiapo kwamba kinga yake inashughulikiwa, mgonjwa huweza kudhani amefichwa ugonjwa mwingine, na jamaa waliokaa barazani wakadhani vivyo hivyo. Au huielewa kinga kwa maana ya chanjo, na chanjo huchomwa mara moja ama mbili mambo yakaisha. Mwenye dhana hiyo ataona ajabu gani akiacha baada ya dozi ya tatu, nauli ya kuja hospitali ya Makadara kutoka Likoni au Kwale ikiwa imemshinda? Tena kinga ni neno jema tupu. Hakuna anayetarajia kudhuriwa na kinga. Hali trastuzumab huweza kuudhoofisha moyo, ndiyo maana moyo hupimwa kabla na wakati wa matibabu. Nazo dawa kama pembrolizumab huweza kuzifanya seli askari ziugeukie utumbo, mapafu au tezi za mtu mwenyewe. Mgonjwa anayehara ama kukosa pumzi apaswa kurudi hospitalini siku hiyo hiyo. Akiamini kwamba kinga yake imeongezwa tu, atanywa maji ya tangawizi na kungoja.

Kamusi zinalo neno kingamwili, ambalo limebeba mzigo mara mbili: mara ni antibodi, mara ni mfumo wote wa ulinzi wa mwili. Zinalo pia fingomwili. Hili la pili ndilo linalostahili kupewa nafasi. Mwambao una msamiati mpana wa kujihami. Kago huwekwa shambani, zindiko hufanyiwa nyumba au mtu, na fingo huzikwa ardhini likae likingoja. Wamijikenda, majirani na ndugu wa Waswahili wa Mombasa, walizika fingo katikati ya kaya zao, na misitu ya kaya hizo imekuwa katika urithi wa dunia tangu mwaka 2008. Sifa za fingo ni zile zile za antibodi iliyosanifiwa. Hutengenezwa na fundi kwa makusudi. Hulenga mwovu maalumu. Hutiwa mahali, likakaa humo, likafanya kazi fundi akiwa hayupo. Kinga ni hali. Fingo ni kitu. Na kitu kilichotengenezwa na mtu huulizwa maswali: kimetengenezwaje, kinamlenga nani, kina madhara gani?

Pingamizi lipo, na si dogo. Mji wa Kale ni mji wa misikiti, na fingo linanuka ushirikina. Mgonjwa ambaye majirani wamekwisha kumnong'onezea kwamba amerogwa, akiambiwa hospitalini anatiwa fingo, si atakimbia? Wasiwasi huo una haki yake. Hata hivyo Kiswahili kimewahi kuvuka mto huo. Neno dawa lilimtumikia mganga wa pembe kabla ya kumtumikia mfamasia, na likaoshwa na matumizi. Nchini Tanzania daktari wa cheo cha juu serikalini huitwa Mganga Mkuu, wala hakuna anayemtarajia aje na tunguri. Zaidi ya hayo, fingomwili ni neno moja, lenye mwili ndani yake. Haliwezi kusikika kama fingo la shambani ila kwa mtu anayetaka kulisikia hivyo. Wanaopendekeza antibodi libaki kama lilivyo wanakwepa ugomvi, na bei ya kukwepa kwao ni neno lisilomwambia mgonjwa chochote.

Sheria haiko upande wa kimya. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu ampe mgonjwa maelezo, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kiwango cha elimu yake. Sahihi iliyotiwa chini ya fomu isiyoeleweka ni wino tu. Lakini daktari hawezi kutumia istilahi ambayo hakuna aliyemkabidhi. Mombasa ndiko alikoishi Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, ambaye aliunganisha rununu na maninga akaipa televisheni jina la runinga. Hakungoja kamati. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, ambavyo kila mwaka hufanya makongamano kuhusu hali na hatima ya lugha, vingeweza kutenga kongamano moja likafanyika pamoja na wauguzi wa wodi za saratani, na zao lake likawa karatasi moja ya maelezo iliyosomwa kwa sauti mbele ya akina mama wa Kuze na Bondeni na kusahihishwa nao.

Watakaokaa katika kongamano hilo watakutana na neno gumu kuliko fingomwili. Pembrolizumab haiishambulii saratani moja kwa moja. Huzuia ishara ambayo saratani huitumia kuzituliza seli askari. Ugunduzi wa ishara za namna hiyo uliwapatia James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018, na madaktari hupenda kuueleza kwa mfano wa kuachia breki. Mfano huo ni mzuri London. Kwa abiria wa matatu za Mombasa, gari lililoachiwa breki ni msiba. Huenda hatamu ingefaa zaidi, maana mpanda punda hulegeza hatamu bila kuitupa, na punda akienda kombo huvutwa tena, kama daktari anavyozituliza seli hizo kwa dawa nyingine zikianza kumla mwenyewe. Wauguzi wataweza kusema kama wagonjwa wao wanauona mfano huo.