Mji Tulioujenga na Kuusahau



Wapendwa taifa la Mungu, kila mwaka, pamba ikishauzwa, vijana wetu wengi wa Bariadi hupanda basi kwenda Mwanza kutafuta maisha. Wakifika huko huitwa washamba. Nao, kwa kuogopa kuchekwa, huona aibu kusema Kisukuma hata na konda aliyetoka kijiji cha jirani. Sisi tunasema: wanaona haya bure, kwa maana wameingia mji uliojengwa kwa jasho la babu zao.

Mwanza ilianza kuwa kituo cha utawala wa Kijerumani mwaka 1892, lakini iliyoikuza ni pamba, na pamba ilitoka vijijini, kwetu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walipochoka kupunjwa kwenye mizani, waliweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na madai hayo vilizaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vikaungana kuwa muungano mmoja wenye makao yake Mwanza. Ni nani huwasimulia watoto wetu habari hizi?

Basi lile lile la Mwanza hupita Kisesa, karibu na Bujora. Pale Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alihifadhi ngoma za watemi na vifaa vya wahenga katika makumbusho. Aliacha Bagika na Bagalu washindane kucheza kwenye sherehe za Bulabo, zilizofungamana na sikukuu ya Ekaristi. Abiria wetu hupita pale wamesinzia.

Sisi mapadre nasi hatuna budi kukiri kosa. Mara nyingi tumewafundisha waamini kutupa kila cha kale, pasipo kupambanua ushirikina na urithi. Padre Clement alipambanua. Naye Musa aliwaagiza Waisraeli wawaulize wazee wao habari za siku za kale (Kum 32:7).

Basi, tunaziomba familia na jumuiya zetu: kabla kijana hajasafiri, aketi na babu au bibi, amwulize nani alilima, nani alipima, nani alicheza ngoma ipi. Majibu yaandikwe daftarini. Mzee akiondoka leo, hatutampata kesho wa kumwuliza. Mwacha asili ni mtumwa.