Staa Kaambiwa Gari "Limeapdetiwa", Kumbe Kafutiwa Taa Tu! Wenye Haibridi Tufunguke Macho

Wiki hii mjini stori ni moja tu. Staa mmoja (jina tunalihifadhi, ila mnamjua, yule anayecheka kwa sauti kwenye kila video) kaposti klipu akiwa gereji, kaegemea ndinga yake ya haibridi, anasema ameapdetiwa "mfumo mzima" kwa dakika 10 na gari limekuwa jipya. Akatupia namba ya simu ya gereji, akamalizia kwamba shabiki akienda akataja jina lake anapunguziwa bei. Komenti zikajaa makopa na moto.

Hazikupita siku nyingi, dada mmoja wa filamu naye kaonekana mkoko wake wa aina hiyohiyo umebebwa na bredauni. Kwa maelezo yake mwenyewe, alishawishika na klipu ile, akaenda, akalipa laki kadhaa, akaambiwa programu imeshabadilishwa. Taa zilizimika kweli. Siku ya tatu zikawaka zote kama mti wa Krismasi, gari likakata nguvu akiwa barabarani na malori nyuma yake.

Basi mtandaoni zikazaliwa timu mbili. Timu ya kwanza: "Haibridi ni takataka, tuliwaambia nunueni gari la kawaida." Timu ya pili: "Dada hana hela ya kutunza gari, anasingizia fundi." Mimi siko kwenye timu yoyote kati ya hizo. Tatizo si haibridi, na tatizo si ufukara wa mtu. Watu wanauziwa kitu kinachoitwa apdeti ambacho si apdeti, na mastaa wanakitangaza bila kuuliza swali hata moja.

Kwanza tuelewane, apdeti ya gari ni nini?

Haibridi ina injini ya petroli, mota za umeme, betri kubwa na inveta. Hivyo vyote haviongei vyenyewe. Kuna kontroli boksi kadhaa ndani ya gari: ya injini, ya mfumo wa haibridi, ya mota, ya betri, ya breki. Kila boksi ni kompyuta ndogo yenye programu yake, na programu hiyo ndiyo inayoamua saa ngapi injini iwake, umeme kiasi gani uende kwenye mota, na gari lijikinge vipi likipata joto kupita kiasi.

Programu ikiwa na kasoro, chuma kinaumia hata kama hakina ubovu. Na hii si hadithi ya vijiweni. Februari 2014 Toyota iliita magari aina ya Prius yapatayo milioni 1.9 duniani kote yarudi kurekebishwa. Kosa lilikuwa kwenye programu. Inveta ya Prius ile inachukua umeme wa betri wa volti 201.6 na kuupandisha hadi volti 650. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, programu ilikuwa inaruhusu transista za ndani ya inveta zipate joto kali mno. Zikiungua, taa za tahadhari zinawaka, gari linapunguza nguvu ili lijilinde, na mara nyingine linazima kabisa. Dawa yake ilikuwa kuingiza programu mpya.

Sasa sikilizeni hii. Oktoba 2018 Toyota ikaita tena haibridi karibu milioni 2.4, zikiwemo Prius na Auris zilizotengenezwa kati ya Oktoba 2008 na Novemba 2014. Kwa nini? Kwa sababu iligundulika kwamba kuna hali ambayo gari lilipaswa kuingia kwenye mwendo wa kujilinda, lakini likashindwa na kuzima moja kwa moja. Marekebisho ya nyuma hayakuwa yamelifikiria hilo. Kwa hiyo hata aliyeapdeti 2014 alitakiwa arudi.

Honda nao wasicheke. Julai 2014 waliita Fit za haibridi na Vezel zaidi ya 175,000 huko Japani kwa sababu ya programu iliyoweza kufanya gari liongeze mwendo ghafla. Mpaka Oktoba mwaka huohuo Fit ilikuwa imeitwa mara ya tano ndani ya mwaka mmoja, na bosi mkuu wa kampuni, Takanobu Ito, akakatwa mshahara wake kwa asilimia 20 kwa miezi 3. Wenzetu kosa la programu linamgusa bosi mfukoni. Huku kwetu linamgusa mteja.

Kwa nini linatuhusu sisi?

Kwa sababu magari hayo ndiyo haya tunayoendesha. Prius, Aqua, Fit, Vezel, nyingi zimekuja kwa meli kutoka Japani zikiwa zimetumika. Kenya wana sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8. Bongo gari kuukuu linaingia, unalipia tu ushuru wa uchakavu. Maana yake gari la miaka ile ya matatizo linaweza kuwa limepaki nje kwako sasa hivi, na hujui kama mwenye nalo wa kwanza kule Japani alilipeleka kurekebishwa au aliipuuza barua akaliuza.

Wengi tukinunua tunauliza kilomita, tunaangalia rangi, tunapiga picha na funguo. Programu hakuna anayeuliza. Halafu simu tunaiapdeti kila mwezi mpaka bando linalia!

Mchezo unavyochezwa

Unapeleka gari, taa inawaka. Fundi anachomeka kifaa kwenye soketi iliyo chini ya usukani, anabonyeza bonyeza, taa inazimika. Anakwambia, "Tayari bosi, nimeapdeti." Alichofanya ni kufuta kodi za hitilafu. Kufuta kodi ni sawa na kuzima kengele ya moto huku jiko bado linawaka. Kompyuta ya gari ikishamaliza kujipima upya ikiona kasoro iko palepale, taa inarudi. Ndiyo maana kwa yule dada ilichukua siku tatu.

Apdeti ya kweli ina hatua zake, na mteja yeyote anaweza kuzifuatilia hata kama hajui spana namba kumi.

Moja, gari linapimwa boksi zote na kodi zote zinaandikwa kabla hazijaguswa. Kama inveta imeshaungua au betri kubwa imechoka, programu mpya haifufui mfu. Kodi kama P0A80 inazungumzia betri kubwa, na hapo anayekwambia "nitaapdeti itaisha" anakupiga.

Mbili, fundi anasoma namba ya toleo la programu iliyomo kwenye boksi. Kila programu ina namba yake. Analinganisha na mfumo wa mtengenezaji kuona kama kuna toleo jipya la gari lako hilohilo, la soko lile lile. Programu ya gari la Marekani hairushwi tu kwenye gari la Japani kwa sababu yanafanana sura.

Tatu, betri ndogo ya volti 12 inawekewa chaja maalumu inayoshikilia umeme usiyumbe muda wote wa kazi. AC, redio na taa vinazimwa. Umeme ukishuka katikati ya zoezi, boksi linaweza kufa na gari lisiwake tena. Ukiona mtu anarusha programu bila chaja hiyo, huku redio inapiga singeli, chukua funguo zako uondoke.

Nne, kazi ikiisha namba ya toleo inasomwa tena. Kama namba ya mwanzo na ya mwisho ni ileile, hakuna kilichobadilika. Hakuna mjadala hapo.

Tano, gari linaendeshwa, kisha linapimwa upya.

Kurusha faili la boksi moja kunaweza kuchukua dakika chache au zaidi ya nusu saa, inategemea boksi. Lakini hatua zote hizo kumalizika kwa dakika 10, "mfumo mzima"? Jamani.

Mafundi wa mtaani tusiwaonee

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "kwa hiyo unataka wote tupeleke gari kwa mawakala wa bei mbaya?" Hapana. Kuna vijana wa gereji za chini ya mwembe wanaoielewa haibridi kuliko wenye viyoyozi. Wanajua kwamba fani ya kupooza betri ikijaa vumbi pembeni ya siti ya nyuma, betri inapata joto na kufa mapema, na wanaisafisha kwa bei ya kawaida. Watu hao walindwe.

Na tuseme ukweli mwingine: watengenezaji nao wamelifunga hili jambo. Toyota kwa mfano inauza ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wake wa kiufundi kwa malipo ya siku, mwezi au mwaka. Fundi mdogo mwenye wateja wawili wa haibridi kwa wiki anafikiria mara mbili kulipia. Hapo ndipo wengine wanapochagua njia ya mkato ya kufuta taa. Shida yao naielewa. Ila shida ya fundi haimpi haki ya kuniandikia risiti ya kazi ambayo hakuifanya. Aseme tu, "Kaka, mimi naweza kupima, apdeti kafanye sehemu fulani." Fundi wa namna hiyo nitamrudia maisha yangu yote.

Mastaa sasa, hapa ndipo penyewe

Ukitangaza mafuta ya nywele yakakataa, shabiki anapata mba. Ukitangaza gereji feki, shabiki anaweza kuzimikiwa na gari kwenye mteremko wa Kitonga akiwa na watoto nyuma. Havilingani. Yule kaka wa klipu mpaka naandika hapa hajafuta posti yake wala hajasema neno, ila amefunga komenti. Kufunga komenti si majibu.

Simwambii aache kutangaza. Kila mtu ana namna yake ya kula mjini. Namwambia hivi: kabla hujaposti, omba karatasi mbili, ya namba ya programu kabla na ya baada. Ziweke kwenye klipu. Gereji ikikataa kukupa, hata kama wamekuhudumia bure, hilo dili liache.

Na wewe mdau unayesoma, kuna la kufanya leo bila kulipa hata mia. Fungua mlango wa dereva, angalia eneo la kitasa kinachoshika mlango. Magari yaliyorekebishwa kule Japani huwekewa stika ndogo yenye namba pale. Pia tovuti ya Toyota ya Japani ina sehemu ya kuingiza namba ya chasisi, inakuonyesha kama gari lako lina marekebisho ambayo hayajafanyika. Ni ya Kijapani, lakini simu yako inatafsiri. Ukikuta jambo halijafanyika, piga picha uende nayo kwa wakala, uulize kwa maandishi wanakusaidiaje. Wakikuzungusha, angalau unajua unachoendesha.

Haibridi ni gari zuri na linaokoa mafuta, hasa kwenye foleni zetu hizi. Ila ni gari la kompyuta, na kwenye kompyuta maneno ya mdomo hayatoshi. Namba inabadilika au haibadiliki.

Haya, tiririka hapo chini: wewe ulishawahi kuambiwa gari limeapdetiwa? Ulionyeshwa namba, au ulionyeshwa tu taa imezimika? Na yule kaka wa klipu, awarudishie watu hela zao au tuyaache yapite?