Maneno ya drogue katika nyimbo: kwa nini sikuandika orodha

Mwezi uliopita kamati inayotayarisha sherehe ya kitivo chetu ilinipa kazi. Kwa kuwa ninasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na kwa kuwa ninakaa Kasungami, mahali ambapo muziki haulali, waliniomba niandike orodha ya maneno yanayotaja bangi, drogue na ulevi katika nyimbo zinazopendwa na vijana. DJ angepewa orodha hiyo, na wimbo wowote wenye neno mojawapo, ndani yake au katika jina lake, usingepigwa mbele ya waprofesa na wazazi. Nilikubali. Nilifika neno la 23, nikaacha. Makala haya ni maelezo yangu kwa kamati, na pia kwa wenzangu wa kitivo, maana naona jambo hili linahusu kazi yetu sote.

Sisemi kwamba kamati inaogopa bure. Kwetu Kasungami, jioni ikifika, utasikia watoto wa miaka kumi wakiimba kwa sauti majina ya vitu ambavyo hawajaviona kwa macho. Wimbo mtamu unaweza kukifanya kitu kibaya kionekane kidogo. Mzazi anayeogopa ana haki ya kuogopa. Swali langu ni lingine: je, orodha ya maneno inamlinda mtoto huyo?

Neno la kwanza katika orodha yangu lilikuwa bangi. Neno hili lilitoka India, likavuka bahari pamoja na biashara ya pwani, likaingia bara pamoja na Kiswahili. Upande wa Angola na Kasai mmea ule ule unaitwa diamba, liamba au riamba, na neno hilo nalo lilivuka Atlantiki pamoja na watumwa likafika Brazili. Hapa Lubumbashi, mji wa watu waliotoka pande zote, maneno hayo mawili yanakutana.

Sasa angalieni lililotokea Kasai. Wasafiri Wajerumani Pogge na Wissmann walipofika kwa Bashilange mwaka 1881, walikuta watu waliojiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi. Chini ya mkuu wao Kalamba Mukenge, kuvuta pamoja kulikuwa alama ya amani na urafiki, na nchi yao waliiita Lubuku, neno la urafiki. Johannes Fabian, aliyefundisha hapa Lubumbashi katika miaka ya 1970, ameeleza habari zao katika kitabu chake cha mwaka 2000, Out of Our Minds. Siwataji ili kusifu bangi. Nawataja kwa sababu neno ambalo leo mzazi analisikia kama aibu lilikuwa, kwa mababu wa baadhi yetu, jina la heshima. Maana ya neno inatoka kwa watu wanaolitumia na mahali wanapolitumia. Hilo tunafundishwa mwaka wa kwanza, lakini orodha inalisahau.

Neno lingine nililoandika ni unga. Katika pwani ya Tanzania na Kenya, kijana akisema fulani anakula unga, watu wanaelewa heroini. Basi nikajiuliza: DJ akiona unga katika orodha, atafanya nini na wimbo wa Lubumbashi unaolia kwamba unga umepanda bei na watoto wamelala bila bukari? Ataufuta. Wimbo wa njaa utakuwa umehukumiwa kwa kosa la wimbo mwingine, wa mji mwingine.

Majina ya nyimbo yanadanganya zaidi. Mfano wetu wa karibu ni wa mwaka 1952, wakati Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, yaani Likasi ya leo. Wimbo uliompa Mwenda jina duniani kote ni Masanga, au kwa kirefu Masanga Njia. Mtu wa Kinshasa akisoma jina hilo bila kuambiwa kitu, anasikia pombe, kwa sababu kwa Lingala masanga ni kinywaji cha kulevya. Lakini katika lugha za huku kwetu, -sang- ni mzizi wa kukuta na kukutana. Masanga ya njia ni pale njia zinapokutana, njia panda. Kamati ya watu wanaosema Lingala ingeweza kuukataa wimbo mkubwa kuliko zote za Katanga kwa sababu ya njia panda.

Mambo kama hayo yamewapata wengine pia. Mwaka 1967 BBC ya Uingereza ilikataa kupiga wimbo wa Beatles, A Day in the Life, ikisema unaelekeza watu kwenye drogue. Katika sahani ile ile watu wengi walisoma herufi LSD katika jina la Lucy in the Sky with Diamonds, ingawa John Lennon alieleza kwamba jina hilo lilitoka kwenye mchoro wa mtoto wake. Huko Marekani, mwaka 1971, tume ya serikali inayosimamia redio iliwakumbusha wenye vituo kwamba ni wajibu wao kujua maneno ya nyimbo zinazotaja drogue kabla ya kuzipiga. Mwaka huo huo, katika kipindi cha televisheni cha Lawrence Welk kilichopendwa na wazee, waimbaji wawili waliimba One Toke Over the Line kwa tabasamu, na Welk akausifu kama wimbo wa kiroho wa kisasa. Toke ni mvuto mmoja wa bangi. Kwa hiyo wimbo wa mchoro wa mtoto ulishukiwa, na wimbo wa bangi ulipita kama wimbo wa Mungu, kwa sababu ndani yake lilitajwa jina la Yesu.

Kuna tatizo la tatu, nalo ni la sarufi. Kiswahili kina kulewa na kulevya. Mtu analewa, kitu kinamlevya. Kutoka hapo tunapata mlevi, ulevi, kileo. Lakini tangu zamani washairi wetu wanalewa pia kwa mapenzi, kwa madaraka na kwa mali. Vijana wa leo wanafanya hivyo hivyo na neno la Kifaransa drogue: mpenzi ni drogue, mpira ni drogue, hata mtihani wa daktari fulani ni drogue kwa wanaoupenda. Hapo neno halitaji kitu kinachovutwa. Linataja hali ya kushindwa kuacha. Tena kuna wimbo unaotaja kitu chenyewe ili kuonya. Mwaka 1987 Franco alitoa Attention na SIDA, akautaja ugonjwa kwa jina wakati watu wengi waliunong'ona. Kama mtu angekuwa na orodha ya maneno machafu mwaka ule, SIDA ingekuwa neno la kwanza, na onyo lingenyamazishwa pamoja na aibu.

Tatizo la nne: orodha inachelewa siku zote. Mwaka 2021 Kinshasa iliingiwa na hofu ya unga uliotengenezwa kwa kusaga kitu kilichomo ndani ya bomba la moshi la gari, ukachanganywa na vidonge. Vijana waliuita bombe, neno ambalo kwa Lingala ya mtaani lilikuwa tayari sifa ya kitu chenye nguvu. Mtu akisema wimbo ni bombe, anausifu au anauza drogue? Sikio la mtaa linajua mara moja. Karatasi ya kamati haijui. Na neno likishakatazwa, vijana wanachukua lingine kabla ya Jumatatu.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo kamati haikuliweka katika maombi yake. Hakuna aliyeniambia niandike majina ya bia. Hata hivyo, kama kuna kileo kilichoingia katika muziki wetu kwa mlango wa mbele, ni hicho. Kila msomaji wa umri wangu anakumbuka Werrason akiwa upande wa Primus na JB Mpiana upande wa Skol. Mabanga, yale majina yanayorushwa katikati ya wimbo, yanalipiwa, na wote tunajua. Kijana anayetaja bangi kwa kificho tunamkamata. Kampuni inayotajwa wazi tunaiwekea meza mbele. Sitaki kuharibu sherehe ya mtu, nami nitakunywa changu siku hiyo. Lakini orodha inayoruka bia haitulindi na ulevi. Inatulinda na ulevi wa maskini tu.

Hizo ni hoja za darasani. Iliyonifanya nifunge daftari ni nyingine.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, mjomba wangu alimsikia mdogo wangu akiimba wimbo ambamo mwanamume anamwita mpenzi wake drogue. Akamnyang'anya simu. «Mutoto anaimba drogue, kesho ataikunywa,» alisema. Mama akanigeukia: «Weye njo unasomaka maluga, utuambie, ule wimbo unasema nini?» Nilieleza kwamba ni wimbo wa mapenzi. Hakuna aliyenisikiliza, na mdogo wangu alikaa miezi miwili bila simu. Hana kosa lolote mpaka leo, isipokuwa sauti mbaya.

Katika lupango la jirani kulikuwa na kijana wa miaka 17, mtulivu, asiyeimba nyimbo hizo. Mjomba alimtaja kama mfano. Kijana huyo na wenzake walikuwa na neno lao. Lilikuwa neno la kawaida, la kazi ya nyumbani, ambalo kila mama wa Kasungami analisema kila siku. Sitaliandika hapa, kwa sababu bado kuna watoto wanaolitumia, na likichapishwa watalibadilisha. Alilisema mbele ya mama yake karibu kila jioni. Alilisema mbele yangu pia. Mimi nakusanya misemo ya vijana wa kartiye, basi nililiandika katika daftari langu, pamoja na tarehe, na pembeni nikaweka: upanuzi wa maana, kwenda kukaa na marafiki. Nilifurahi kupata mfano mzuri. Sikumwuliza swali la pili.

Baada ya miezi minane ilijulikana kwamba walikuwa wanakwenda kuvuta, na baadaye kumeza vidonge. Kijana ameacha masomo, amepelekwa kwa bibi yake Kipushi. Mama yake aliniambia: «Alikuwa anasemaka kila siku. Mi najibu: enda, urudie mbio.» Sikuwa na la kumjibu. Neno lilikuwa ndani ya daftari langu, na tarehe yake, na maelezo yake mabaya.

Ndiyo sababu sikuimaliza orodha. Tulikuwa tumesikiliza kwa makini neno lililopigiwa kelele na redio zote, na neno lililokuwa linamchukua mtoto lilipita mlangoni likisema hodi. Orodha yangu isingekuwa nalo. Nilikuwa nalo mimi, na sikulielewa kwa sababu nilikusanya neno bila kumsikiliza mwenye neno.

Basi naiomba kamati ichukue kitu kingine mahali pa orodha. Kwa kila wimbo unaotiliwa shaka, tuulize maswali matatu. Nani anasema ndani ya wimbo, na anamwambia nani? Kitu kinachotajwa kinasifiwa, kinaonywa, au kinafananishwa na kingine? Nani amelipa ili kitajwe? Wimbo unaowaambia watoto kwamba kuvuta ni uanaume, hata mimi sitaki upigwe, uwe na neno la orodha au usiwe nalo. Wimbo wa mapenzi uachwe upite.

Na kwa idara yetu nina ombi la pili. Kwenye ukuta mmoja wa kartiye yetu kuna tangazo linalosema tukatae «dawa za kulevya». Ni Kiswahili safi, na katika nchi jirani kila mtu anakielewa. Lakini huku kwetu dawa ni kitu cha kuponya, na mama mmoja aliniuliza kama ni dawa za malaria zilizoharibika. Sisi ndio tunaojua Kiswahili bora na Kiswahili cha Lubumbashi pia. Tukienda Kasungami, Kilobelobe au Katuba kukusanya maneno kwa ajili ya kazi zetu za mwisho, turudi huko pia kueleza, kwa maneno ambayo mama wa yule kijana angeyaelewa.

Maneno yangu 23 nimeyafuta. Kwa sherehe, niko tayari kukaa na DJ alasiri moja, tusikilize nyimbo zake moja baada ya nyingine. Nitaomba tuwaite na vijana wawili watatu wa kartiye waketi nasi. Wao ndio watakaotuambia tunasikia nini.