Fundi Anajibu: Breki Kubwa kwa Gari Kuukuu

Juma hili twajibu barua ya mzee mmoja wa halmashauri ya walei, wa parokia moja ya milimani upande wa Lushoto. Parokia yao ina Land Cruiser 80 ya mwaka 1991. Gari hilo ndilo hubeba wagonjwa kwenda hospitali, ndilo hubeba kwaya, mahindi, saruji, na mara nyingine marehemu. Mzee asema kwamba wakishuka kwenda Mombo, harufu ya kuungua yaingia ndani ya gari, na pedali ya breki yazama karibu kugusa sakafu. Fundi wa mjini amewashauri wanunue kalipa kubwa za mbele pamoja na sahani mpya zenye matundu. Fedha ni michango ya jumuiya ndogo ndogo, na wako waliouza kuku ili watoe fungu lao. Mzee auliza: Je, tununue?

Jambo hili lawahusu wengi, maana parokia nyingi, shule na zahanati zatumia magari ya umri huo. Basi tulitazame polepole.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa moto. Gari la tani 3 likienda kilometa 80 kwa saa, breki zikilisimamisha, nguvu yote ya mwendo ule huishia kuwa joto katika sahani na pedi. Sasa tazama kushuka mlima. Toka Lushoto mpaka Mombo ni mteremko wa karibu mita 1,000 kwenda chini. Kama dereva akiacha breki peke yake zifanye kazi yote, joto litakalotoka ni sawa na kulisimamisha gari hilo kutoka kilometa 80 kwa saa mara 40, pasipo nafasi ya kupoa. Joto hilo latosha kuchemsha madebe manne ya maji ya kisimani. Mama wa nyumbani ajua kuni ngapi zahitajika kwa madebe manne! Na joto hilo lote laingia katika sahani chache za chuma na dramu za nyuma, na magurudumu ya mbele ndiyo yabebayo sehemu kubwa, kwa sababu gari likipunguza mwendo uzito wake huegemea mbele.

Kwa hiyo fundi wa mjini hakusema upuuzi. Sahani kubwa ina faida mbili. Faida ya kwanza waweza kuiona kwa baiskeli. Igeuze juu chini, zungusha gurudumu, kisha jaribu kulizuia kwa vidole karibu na ekseli. Halafu jaribu tena karibu na rimu. Mbali na ekseli nguvu kidogo yatosha. Faida ya pili ni kwamba chuma kingi huchukua joto jingi kabla hakijawa chekundu. Na sahani za mbele za magari haya zina nafasi katikati, kama chapati mbili zilizotenganishwa kwa vijiti, ili upepo upite ndani na kuzipoza. Hata Toyota wenyewe waliliona jambo hili. Tangu mwaka 1992 waliwapa Land Cruiser 80 sahani na kalipa kubwa zaidi mbele, na rimu za inchi 16 ili ziingie. Land Rover nao walifanya vivyo hivyo, wakaacha sahani za chuma kitupu katika Defender na Discovery, wakaweka zenye nafasi ya upepo.

Lakini, mzee wetu, soma tena barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba pedali yazama. Pedali kuzama si ugonjwa wa sahani ndogo. Sahani ndogo ikizidiwa na joto, pedali hubaki ngumu na gari hukataa kusimama. Pedali ikizama wakati wa joto, mara nyingi kosa ni la mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani, mwaka hata mwaka, kupitia mipira. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishaingiwa na maji yaweza kuchemka kwenye 140 hivi. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, na 155 yakiwa na maji. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama sponji. Dereva akanyaga, mvuke wabonyea, pedi hazisogei. Hapo ndipo watu huanza kusali litania ndani ya gari.

Ukifunga kalipa kubwa ukaacha mafuta ya miaka sita, umenunua hatari ile ile kwa bei kubwa. Tena kalipa yenye pistoni kubwa yahitaji mafuta mengi zaidi kila dereva anapokanyaga, basi pedali itashuka chini kuliko zamani kama pampu kuu ya breki ni ile ile ndogo. Hili wauzaji wa vipuri hawalisemi.

Basi kabla ya kununua kitu kikubwa, fundi amwage mafuta yote ya zamani na kuweka mapya kutoka chupa isiyofunguliwa. Baadaye yabadilishwe kila miaka 2. Asitie mafuta ya injini asilani, hata tone. Mipira itavimba na breki zitashika zisiachie. Mipira inayopeleka mafuta magurudumuni aikunje kwa vidole, na ikionyesha nyufa iondoke. Kalipa za gari hili zina pistoni nne kila moja, na kwa gari la umri huo yaelekea moja au mbili zimeganda kwa kutu. Nyingine zafanya kazi ya zote. Kisha dramu za nyuma. Zisiporekebishwa, mbele hubeba mzigo wa nne zote, na pedali hushuka. Pia atazame ile vali ya nyuma ipimayo mzigo, ambayo fimbo yake hushikana na ekseli. Nimekuta nyingi zimefungwa kwa waya. Fimbo ikikaa vibaya, breki za nyuma hazipati sehemu yake.

Yakisha hayo, mshuke mlima na mzigo wa kawaida. Wengi wataona gari limepona. Kama pedali ni ngumu, harufu bado yatoka na gari halisimami upesi, au kama mlifunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, hapo breki kubwa zina haki yake. Lakini msinunue sahani zenye matundu. Matundu hujaa tope na mchanga wa barabara zetu, na chuma huanza kupasuka palepale kwenye tundu. Nunueni sahani nzima za kawaida, za Land Cruiser 80 ya baada ya mabadiliko yale ya 1992, pamoja na kalipa zake, pedi zake, na bamba lake la kuzuia vumbi, vyote vya namna moja. Msichanganye. Na mjue mapema kwamba rimu zenu za inchi 15 hazitaifunika kalipa hiyo. Rimu nne za inchi 16 na matairi yake zaweza kugharimu kuliko breki zenyewe. Wekeni hesabu hiyo mezani mbele ya jumuiya kabla ya kutoa hata shilingi.

Sasa neno kwa fundi. Sahani ya gari hili imefungwa kwa bolti nyuma ya habu, basi lazima habu yote itoke pamoja na beringi zake. Ni nafasi njema ya kuosha beringi, kutia grisi mpya na kuweka sili mpya, maana grisi ikivuja juu ya sahani kazi yote imepotea. Vaa kwanza kila kitu kikavu, rudisha rimu, zungusha kwa mkono, usikie kama kuna kinachogusa. Tazama pia msumari wa kutolea hewa: lazima uwe upande wa juu wa kalipa. Kama upo chini, umeweka kalipa ya kulia kushoto, nawe utatoa hewa mpaka jioni isiishe. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Pedi nyingi za zamani zilikuwa na asibesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji, na watoto wakae mbali. Gari lisimame juu ya vigingi imara, si juu ya jeki peke yake wala matofali.

Siku ya kwanza, dereva apeleke gari mahali tambarare. Afikie kilometa 50 kwa saa, apunguze mpaka 10 bila kusimama kabisa, aache lipoe kidogo, arudie mara 10 hivi. Ndivyo pedi mpya na sahani mpya huzoeana. Asianze kwa kushuka mlima na kwaya nzima nyuma.

Na dereva huyo huyo ashuke kwa gia ile ile ambayo angepandia. Injini ya dizeli ya gari hili ni breki bora, wala haili pedi. Nimesikia madereva wakitoa gia ili kuokoa mafuta. Afanyaye hivyo na abiria ndani anyang'anywe ufunguo siku ile ile.

Kwa hiyo, mzee, tumieni kwanza fungu dogo: mafuta ya breki, mipira, sili na pistoni za kalipa zenu za sasa, na kazi ya nyuma. Fedha zinazobaki Paroko aziweke mpaka mshuke Mombo mara mbili tatu mkiwa na mzigo. Mtuandikie mlivyoona. Juma lijalo tutamjibu mama aliyeuliza kwa nini cherehani yake yakata uzi kila akishona kitambaa kizito.