MGONJWA NI NANI?

Ndugu zangu Wafanyi Kazi,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya jambo lililonipata. Najua wengi wenu limewapata pia, mkanyamaza.

Mimi ni mtu wa reli. Kazi yangu ni kugeuza njia na kuunganisha mabehewa katika stesheni moja ya njia ya Mombasa. Usiku mmoja nikiwa zamuni, saa nane, mke wangu alinipigia simu akilia. Mtoto wetu wa mwaka mmoja na miezi minane alikuwa na homa tangu jioni, na sasa macho yamegeuka, mwili wote watetemeka, hamjui hata mama yake. Nilimpigia mkubwa wa zamu kuomba ruhusa. Aliniuliza, "Mgonjwa ni nani, ni wewe?" Nikasema ni mtoto. Akanijibu, "Basi wewe ni mzima. Fanya kazi."

Sikuondoka. Mtu wa reli haachi njia bila mtu, maana treni ikikuta njia imegeuzwa vibaya, watoto wa wengine watafiwa na baba zao. Nilisimama na taa mkononi nikihesabu dakika. Aliyeniokoa ni mwenzangu niliyempigia simu, naye alikuwa katika mapumziko yake. Alikuja mbio, tukaandikiana kitabuni, akashika kazi, nami nikaenda.

Nyumbani nilikuta majirani wamejaa mlangoni. Mmoja ataka kumtia mtoto kijiko katikati ya meno, mwingine ataka kumfukiza moshi, na wote wasema huyu ameshikwa na ndege, akidungwa sindano atakufa. Mke wangu peke yake hakuweza kuwashinda. Nilimchukua mtoto, tukapanda pikipiki mpaka hospitali. Damu ikapimwa, ni malaria. Akadungwa ile ile sindano iliyoogopwa, na siku ya tatu aliomba uji.

Na thawabu yetu? Mimi nilikatwa mshahara wa siku, na sote wawili tukapewa barua za onyo: mimi kwa kuondoka, mwenzangu kwa kufanya kazi isiyo zamu yake!

Sasa tutazame sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mfanyi kazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Lakini ni ugonjwa wake mwenyewe. Kifungu cha 29 champa baba majuma 2 mtoto azaliwapo. Baada ya hapo sheria haimjui tena mtoto huyo. Na kifungu cha 44 chasema kuwa atokaye mahali pa kazi bila ruhusa wala sababu ya haki aweza kufukuzwa mara moja.

Lakini tangu Oktoba 2024 twakatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 za mshahara kwa bima ya afya, nayo ni ya mfanyi kazi pamoja na watu wa nyumba yake. Hapo mtoto ni wangu! Siku ya kukata pesa ajulikana, usiku wa kumpeleka hospitali hajulikani. Je, hii ni haki?

Mabwana watasema wavivu watadanganya. Mbona leo mfanyi kazi akiugua huleta cheti cha daktari? Na cha mtoto kiletwe vile vile. Watasema, ombeni katika zile siku 21 za likizo. Likizo hupangwa mapema, na degedege halileti barua. Watasema, hiyo ni kazi ya mama. Na mama aliye mfanyi kazi kama sisi je? Shirika la Kazi la Ulimwengu, katika pendekezo lake namba 165 la mwaka 1981, lilisema yafaa mfanyi kazi, mwanamume au mwanamke, aweze kupata ruhusa mtoto wake akiugua. Hata Mafarisayo walikuwa wakimtoa ng'ombe wao kisimani siku ya Sabato. Je, mtoto wa mtu wa reli ni mdogo kuliko ng'ombe?

Viongozi wetu, nanyi nawaambia bila kuficha: kudai pesa za saa za ziada mwajua sana. Mkataba wetu ukifanywa upya, dai hili lisiwe la mwisho, lile la kuachwa mezani mkiisha kuchoka. Twataka mambo matatu. Kwanza, siku za kumwuguza mtoto kwa mshahara kamili, kwa baba na kwa mama. Pili, kila zamu ya usiku iwe na mtu wa akiba, ili njia isikose mtu na mtoto asikose mzazi. Tatu, barua zile mbili zifutwe, hasa ya mwenzangu, ambaye kosa lake ni undugu.

Nasi wazazi tuache maneno ya ndege. Homa kali ndiyo huleta degedege kwa watoto wa tangu miezi 6 hata miaka 5. Mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kitu kinywani, umkimbize hospitali.

Mkutano ujao wa tawi nitasimama niulize jambo hili. Nisiwe peke yangu. Nikiulizwa tena mgonjwa ni nani, nataka tujibu sote.

Ni mimi ndugu yenu,
Mtu wa Reli