Mtani wa Kweli Huchimba Kaburi

Leo tuzungumzie kicheko, hasa kile kinachoingia kitabuni: mwandishi anapokaa chini akaandika vituko vya watu wa mahali fulani, jinsi wanavyosalimiana, wanavyokula, wanavyooana na wanavyotamka maneno. Vitabu vya namna hiyo hupendwa kila nchi. Na kila kinapotoka kimoja, wasomaji hugawanyika. Wapo wanaosema, "Huu ni utani tu, mbona mnakuwa wagumu?" Wapo wanaosema, "Hapa tumetukanwa." Sisi tuendao kanisani tumo katika makundi yote mawili, na pengine tunakaa benchi moja.

Mwaka 1946 George Mikes, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Uingereza, alitoa kitabu kidogo kiitwacho How to Be an Alien. Aliwacheka Waingereza kwa foleni zao, kwa chai yao, na kwa mazungumzo yasiyokwisha kuhusu hali ya hewa. Baadaye alieleza kwamba alitarajia wakasirike, lakini wao wakakinunua na kumpigapiga mgongoni. Miaka 50 baadaye, mwaka 1996, Wahome Mutahi wa Kenya, aliyejulikana kwa safu yake ya Whispers, akatoa How to Be a Kenyan. Wakenya walijiona humo, nao walicheka. Aliyewacheka alikuwa wa kwao, na katika safu yake alikuwa amezoea kujicheka mwenyewe kwanza.

Sasa tulete jambo hili hapa kwetu, uwanda wa kati. Mtu akiandika kesho kitabu cha vichekesho kuhusu Wagogo, je, nao watampigapiga mgongoni?

Kwa kweli vichekesho hivyo havisubiri kitabu. Viko kwenye daladala, viko mdomoni mwa mshereheshaji wa harusi na, tuseme ukweli, vimefika hata madhabahuni. Mhubiri akitaka mfano wa ombaomba, anamtaja Mgogo. Akitaka mfano wa mtu anayekosea Kiswahili, Mgogo tena. Mlenda nao una vichekesho vyake. Waumini wanacheka, na mzee wa kanisa aliyetoka Bahi au Chamwino anatabasamu pamoja nao, kwa sababu asipotabasamu ataambiwa hana moyo wa utani.

Tofauti yake na Mwingereza wa mwaka 1946 ni kubwa. Mwingereza yule alitoka kwenye taifa lililokuwa likitawala nchi nyingi, yetu ikiwamo. Kuchekwa kwa sababu ya chai hakukumpunguzia kitu, wala hakuna mtoto wake aliyeficha jina la kwao shuleni. Lakini binti wa Kigogo anayekwenda kusoma Dar es Salaam akiulizwa kwao ni wapi, mara nyingine hupima kwanza kama aseme. Mzaha uleule ukimwangukia mwenye nguvu ni manyoya. Ukimwangukia aliyekwisha kubeba mzigo, ni jiwe la kuongezea.

Na mzigo huo una historia. Katika karne ya 19 wageni waliopita Ugogo kwenda Tabora na Ujiji waliandika vitabu. Richard Burton alipita mwaka 1857 na kitabu chake kikatoka mwaka 1860. Henry Stanley alipita mwaka 1871, na cha kwake kikatoka mwaka 1872. Wote wawili walilalamika sana juu ya hongo, yaani ushuru wa njia ambao watemi wa Kigogo walidai kwa kila msafara. Katika nchi ile kame, mwenye kisima ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Kwa hiyo msomaji wa Ulaya wa wakati ule alimjua Mgogo kama mtu mwenye kiburi, anayetoza na asiyeogopa bunduki ya mgeni.

Umeona, msomaji? Watu ni walewale na nchi ni ileile. Kitabu cha karne ile kinamlaumu Mgogo kwa kutoza, na kichekesho cha leo kinamcheka kwa kuomba. Katikati hapo palitokea nini? Ilikuja sotoka, ikaua ng'ombe. Ukaja utawala wa Wajerumani. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, ambapo majeshi ya pande zote mbili yalichukua mifugo na nafaka na kuwafanya wanaume wapagazi, kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Watu walikufa kwa maelfu. Waliobaki walitoka kwenda kuhemea kwa majirani, kama ambavyo ndugu zake Yusufu walishuka Misri kutafuta nafaka. Hata leo Dodoma hupata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mwaka ambao mvua hiyo inakatika mapema, mkulima wa uwele na mtama anajua atakachokiona. Wengi tunaocheka hatukuwahi kuambiwa habari hii. Kichekesho kilimkamata Mgogo siku aliyokuwa na njaa, kikamwachia sura hiyo maisha yake yote.

Pengine utasema, "Basi tuache utani kabisa." La hasha. Utani ni mali yetu, na wazee walioturithisha hawakuwa wajinga. Angalia Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukuambia lolote mbele ya wakwe zako, na hukuwa na ruhusa ya kukasirika. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na gharama. Msiba ukikufika, mtani ndiye aliyekuja mapema. Alisaidia kazi za mazishi, alichimba kaburi, na aliwachekesha wafiwa pale walipokuwa wamekatishwa tamaa na machozi. Aliyekudhihaki sokoni ndiye aliyekuzika. Utani wa asili haukuwa maneno matupu; ulikuwa mkataba, na kicheko kilikuwa upande mmoja tu wa mkataba huo.

Hapo ndipo kitabu cha vichekesho, na kichekesho cha kwenye simu, vinapotutega. Vinatupa kicheko bila kaburi. Mtu wa mbali anamcheka Mgogo bila kumjua hata mmoja, wala hatakanyaga matanga ya Mgogo maisha yake yote. Huyo si mtani. Ni mpita njia aliyechukua haki ya mtani na kumwachia mwingine wajibu.

Biblia nayo haikimbii jambo hili. Katika Yohana 1:46, Nathanaeli aliposikia habari za Yesu aliuliza kwa kejeli kama kitu chema chaweza kutoka Nazareti. Na Yohana 21:2 inatuambia kwamba Nathanaeli mwenyewe alitoka Kana, palepale Galilaya! Kumbe ulikuwa utani wa majirani. Tazama Filipo alivyojibu. Hakukasirika, wala hakuanza kuisifia Nazareti. Alimwalika aje ajionee mwenyewe. Na Nathanaeli akaenda. Bwana wetu hakumkemea kwa mzaha wake. Alimsifu kuwa ni mtu asiye na hila. Nadhani tofauti iko hapo: Nathanaeli alitania, lakini alikuwa tayari kutembea hadi kwa yule aliyemtania.

Lipo andiko gumu zaidi. Katika Tito 1:12 Paulo anarudia maneno makali ambayo Mkrete mmoja aliyasema juu ya watu wake mwenyewe, kwamba ni waongo na walafi. Wapo wanaolitumia andiko hili kuhalalisha kila dharau ya kabila. Lakini rudi nyuma hadi mstari wa 5. Tito aliachwa Krete kufanya nini? Kuweka wazee wa kanisa katika kila mji. Wazee hao wangetoka kwa nani, kama si miongoni mwa Wakrete haohao? Na katika Matendo 2:11, siku ya Pentekoste, Wakrete wametajwa kati ya watu waliosikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha yao. Injili iliwasikia wakichekwa, na bado iliwakabidhi kanisa.

Kwa hiyo, msomaji, ukikutana na kitabu au kichekesho juu ya watu wa mahali fulani, jipime kwa maswali machache. Je, ungekisoma kwa sauti mtu wa kabila lile akiwa amekaa karibu nawe, na kucheka pamoja naye, si juu yake? Je, aliyekiandika amejicheka na yeye popote? Na la mwisho ndilo zito kuliko yote: watu hao wakifiwa, au mvua ikikatika kwao, wewe utaonekana?

Kwa ndugu zangu mnaochekwa nami nina neno. Msikimbilie kutaka kitabu kifungiwe. Andikeni cha kwenu. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alifanya hivyo mwaka 1954 alipotoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Aliandika kwa Kiswahili ili jirani asome. Mtu huyohuyo alizitungia tenzi Injili na Zaburi, na ndiye aliyezipa ngonjera sifa nchi nzima. Nasi tunaendelea kuchekesha watu kwamba Mgogo hajui Kiswahili! Wengi wetu tulipanda jukwaani shuleni kuimba ngonjera bila kujua tumekopa kwa nani. Na wenye kipaji cha kuchekesha miongoni mwenu, chekesheni. Tucheke sisi wageni tunaoukimbia upepo wa Dodoma kwa kufunga madirisha, na tusioweza kuvumilia salamu ndefu kabla ya kueleza shida iliyotuleta.

Kwa sababu wageni tumekuwa wengi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 watumishi wa serikali wamehamia kwa wingi. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Leo benchi moja la kanisa lina Mchaga, Mhaya, Msukuma, Mrangi na Mgogo mwenye uwanja wake. Wengine wetu tumekaa hapa miaka mingi na tunachokijua juu ya mwenyeji ni vichekesho tulivyokuja navyo kwenye basi.

Naomba tuanze na madogo. Mwenyeji wako akikuambia "Mbukwa," itikia, na usiwe na haraka. Ukialikwa mlenda, kaa ule. Mchungaji au padri, ukiandaa mahubiri na kuona unahitaji mtu wa kuchekwa, jiweke wewe. Mzazi, mtoto akileta kichekesho cha Wagogo nyumbani, msimulie na habari ya Mtunya, halafu uone kama bado kitamchekesha vilevile. Na jumuiya ikitangaza msiba kijijini, labda Mvumi, Kongwa au Mpwapwa, usitume rambirambi kwa simu peke yake. Panda gari uende. Shika jembe wanaume wanapochimba, au kaa mkekani na akina mama.

Ukishafanya hivyo mara moja au mbili, siku moja mwenyeji atakutania wewe. Atauchekea Uchaga wako au Uhaya wako, atakuita mgeni usiyejua kunywa uji wa uwele. Usikasirike. Ujue umekubaliwa, nawe utakuwa umepata haki ya kumjibu.